Kozi ya Revit ya jioni hapo tao: ukuta wanajua, taa bado

Wale mnauliza kama inafaa kulipia ile kozi ya jioni ya Revit, ile programu ya kuchora majengo kwa kompyuta, iko kwa jengo moja Nairobi upande wa Moi Avenue (jina sitaji, wenye wamesoma hapo wanaijua), jibu langu ni hivi: kama unaenda kujifunza kuchora ukuta, lipa. Kama unaenda kujifunza plani za taa, uliza maswali kwanza kabla utume hiyo Mpesa, juu kwa tangazo wameandika plani za taa na detaili za ukuta (michoro ya karibu ya sehemu ndogo) kama vitu vina uzito sawa, na darasani havina.

Mwanzo utaboeka kidogo. Mwalimu anaanza na historia, ati Revit ilitoka 2000, kampuni ya Autodesk ikainunua 2002, sawa, lakini watu wametoka kazini na wanataka kubonyeza kitu. Vumilia tu. Akifika kwa ukuta huyo jamaa anabadilika kabisa, unajua moja kwa moja huyu amekanyaga saiti.

Kitu ya kwanza anakukataza kutumia kuta zenye zinakuja na programu. Ile templeti, faili ya kuanzia kazi, inakupa ukuta wa safu mbili na pengo katikati na kitu ya kuzuia baridi, sasa hiyo utajenga wapi, Ruaka? Anakwambia tengeneza ukuta wako mwenyewe, jiwe la Ndarugo milimita 200, plasta ya 15 upande wa ndani, nje jiwe libaki wazi. Halafu anakaa hapo kwa zile namba za layeri, yaani tabaka za ukuta, 1 mpaka 5, zenye wengi huwa wanaruka. Namba 1 ndio yenye nguvu, kuta mbili zikikutana jiwe linapita na plasta inasimama, ukiweka namba ovyo ovyo kona zinaingiliana vibaya na ndio unapata mtu anafunika na mstari mweupe akidhani mteja hataona. Hapo peke yake nilisema pesa yangu imerudi nusu. Na lile swali la kila mtu, mbona nimeweka plasta na siioni, ni kwamba mchoro umewekwa Coarse (ya juu juu), shuka pale chini ya mchoro ubadilishe iwe Fine (ya kina), basi.

Kutoka hapo mnachora detaili ya chini, pale ukuta unakutana na slabu, DPC (ile ya kuzuia unyevu kupanda ukutani) ikae mahali pake, hadikoo (mawe ya kujaza chini ya slabu), msingi, na ile mikanda ya chuma inalala kati ya mistari ya mawe, yote kwa skeli ya 1:10. Anasisitiza kitu moja na yuko sahihi: hizo vitu ndogo ndogo unazichora juu ya modeli kama mistari tu, kwa hivyo ukisongesha levo ya slabu juu milimita 150 slabu na ukuta vitafuata lakini mikanda na DPC zitabaki zimening'inia pale zilikuwa, na Revit haitakuambia kitu. Lazima urudi ukague mwenyewe. Anapenda kuharibu modeli ya mtu makusudi aone kama utashtuka.

Sasa taa. Ooh, taa.

Anakufundisha mchoro wa dari vizuri kiasi, kwamba unasomwa kama umelaza kioo sakafuni ukatazama dari ndani yake, na kwamba kwa templeti ya metriki (ya milimita) jengo linakatwa kwa urefu wa milimita 2300 ukiangalia juu, ndio maana taa ya ukutani umeiweka 1800 haionekani kwa mchoro wa dari, inabidi ushushe hiyo kata. Hiyo ni sawa. Shida ni kwamba mifano yote ni ofisi yenye jipsamu kila mahali, na zile taa wanatumia zinajishika kwa dari, bila dari hazikubali kukaa, na ukifuta dari zinaenda nayo. Lakini fleti ngapi huku kwetu ziko na jipsamu? Nyingi ni slabu imepigwa plasta ikapakwa rangi nyeupe, kwisha. Hapo unahitaji zile taa zinakubali kushika sura yoyote, iwe slabu iwe ukuta, na hicho kitu kilipitwa kwa dakika chache mtu akiwa tayari anabeba begi. Swichi pia zimepitwa mbio, tuwei ya ngazi (swichi mbili za taa moja, chini na juu) sikuona, na fundi wa stima hicho ndicho cha kwanza atatafuta.

Halafu kubwa zaidi: plani ya taa inaonyesha taa ziko wapi, haisemi kama utaona kitu. Revit iko na hesabu ya kukadiria chumba kizima lakini hiyo si ya kukuambia hii meza inapata ngapi na ile kona ngapi. Kwa kazi hiyo watu wanatumia DIALux, ya wale Wajerumani wa DIAL, na toleo lake la kawaida unadownload bure. Unaingiza chumba, unaweka faili ya taa kutoka kwa mtengenezaji (inaonyesha mwanga wake unasambaa vipi), inakupa laksi, kipimo cha mwanga unaofika mahali, pointi kwa pointi, meza ya kuandikia ofisini kwa kiwango cha Ulaya ni 500, koridoo 100. Taa nyingi za maduka ya Luthuli zinakuja kwa kaboksi kameandikwa wati na lumeni (mwanga wote unaotoka) tu, faili hakuna, kwa hivyo unatafuta ya taa inafanana nayo. Kozi yenye inajiita ya plani za taa haikugusa hii mambo hata kidogo, nilipouliza nikaambiwa iko kwa kozi nyingine. Bei nyingine, bila shaka.

Darasa lenyewe ni sawa, kompyuta zinafunguka, stima ikipotea wako na jenereta. Ukitaka kubeba laptopu yako ni Windows tu, Revit haina ya Mac, na ulizia darasani wanatumia ya mwaka gani juu faili ya toleo jipya haifunguki kwa toleo la zamani, utafika nyumbani na kazi huwezi fungua. Kama uko kwa chuo kinachokubalika Autodesk wanakupa leseni ya mwanafunzi bure, usinunue ile ya wizi ya flashi ya mia tano hapo chini kwa ngazi.

Darasa la Jumamosi asubuhi linajaa mapema, la jioni huwa na nafasi. Na uende na mausi yako, za hapo zimechoka.