Ngao ya propela: nimeifunga kwenye mashine yangu, nimeipitisha kwenye mafungu ya Rufiji

Haya wadau, za saa hizi. Leo niko Mloka, kando ya mto Rufiji, boti nimeivuta mchangani na mashine nimeinyanyua ili muone vizuri. Sogeza kamera hapa. Hii propela, au pangaboi kama wengine mnavyoita, imeishi kiangazi kimoja tu. Ona panga hili, ncha imeliwa kama muwa uliotafunwa. Hili la pili limejikunja. Mto ukishuka, mafungu ya mchanga yanahama. Pale ulipopita jana unajidai, leo unapwelewa huku wageni wamekukodolea macho.

Ndipo nikaagiza hii. Wanaiita ngao ya propela. Ni duara la chuma lenye fito za kukinga kwa nyuma, kama tenga la kuku. Juu unaifunga kwa bolti kwenye lile bapa lililo juu ya propela, chini inabana hili pezi, huu ulimi uliochomoza chini kabisa ya mashine. Mashine yangu ni Yamaha ya hosipawa 15, propela inchi 9 na robo. Kuifunga hakusumbui, na uchomeleaji wake umetulia, sina neno. Bei sasa! Hela ile ingeninunulia propela mbili za alumini na mafuta ya kwenda na kurudi.

Nianze na sifa yake. Kule kwenye maziwa, Manze na Nzerakera, miti ya mivumo iliyokufa imesimama majini, na mingine imelala chini huioni. Wiki ya pili tu nikapiga gogo. Gong! Boti nzima ikatetemeka. Nikazima, nikanyanyua: ngao imebonyea hapa, ona, lakini propela haina hata mkwaruzo. Siku ile nilitaka kuibusu.

Mchangani sasa. Weka vidole kati ya pezi na chini ya ngao. Vitatu, sivyo? Maana yake boti yangu imeongezewa miguu. Pale nilipokuwa napita kwa kunyata, sasa nagota. Na mchanga hauzuiliwi na fito, unapita kama unga kwenye chekeche, propela inausaga vilevile. Mbaya zaidi, ukigota duara linajichimbia kama jembe. Kulitoa kunataka mtu ashuke majini asukume, na maji yenyewe mnayajua wenyeji wake. Mimi sishuki.

Mwendo nao umepungua, ndani ya maji lile duara ni kama umefunga ndoo nyuma ya boti. Rivasi imekuwa ya kubembeleza. Na magugu, jamani! Asubuhi moja yalijazana humu ndani, mashine inalia, boti haiendi, mbele yangu kiboko na mtoto wake. Nilirudi nyuma kwa pondo, jasho linanitiririka, mgeni mmoja anapiga picha anadhani ni sehemu ya safari.

Kwa hiyo nimeifungua. Nilichobakiza ni hiki kidogo, bati la chuma cha pua linalovishwa kwenye pezi kama soksi. Pezi ndilo linalofika chini kwanza, acha lipigwe lenyewe. Bei nafuu, halipunguzi mwendo. Wa maji ya chumvi, kagua mara kwa mara pale bati linapogusana na alumini, panaliwa.

Halafu kuna kitu mnacho tayari na hamkitumii. Hii wenzo hapa ubavuni ni ya maji ya kina kifupi. Nyingi za mashine hizi ndogo za Yamaha zinayo. Unainyanyua mashine kidogo, inashika hapo, propela inapanda karibu na uso wa maji. Lakini nenda taratibu, na angalia mkojo wa mashine, yale maji ya kupoza yanayotoka kama uzi nyuma yake. Ukikatika, tundu la kuvutia maji limetoka nje, utaichemsha. Na ukiwa kwenye hali hiyo usikanyage rivasi kwa nguvu, mashine haijafungwa chini, itaruka juu.

Njoo karibu, hii ndiyo nataka muione. Katikati ya propela kuna bushi ya mpira. Ukipiga kitu kigumu, mpira unateleza ili gia zisivunjike. Mashine ndogo zaidi zina pini ya kukatika, kazi ni ileile. Tabu ni kwamba mpira ukishateleza mara kadhaa unalegea: ukivuta resi mashine inapaa sauti, boti inajikokota, unaanza kulaumu kabureta. Mimi nimechora mstari wa rangi ya kucha, ya mke wangu, kutoka chuma cha ndani cha bushi, kupita juu ya mpira, hadi chuma cha nje. Ona, mstari umekatika, vipande viwili havitazamani tena. Propela hii imekwisha, hata kama mapanga yangenyooshwa.

Kubadilisha, kwanza chomoa kamba ya kuzimia, tafadhali. Kisha tandaza kanga chini ya propela, uifunge huku na huku. Nyoosha kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, kwa koleo, ichomoe, fungua nati, vuta. Ile wosha, kile kiduara cha chuma chini ya nati, ikidondoka inaangukia kwenye kanga, siyo mtoni. Nilipoteza nati moja kabla sijapata akili hiyo, nikapiga pondo saa nzima. Paka grisi kwenye meno ya shafti, rudisha, weka kotapini mpya. Hii ya zamani usiikunje mara ya pili.

Na pondo lenyewe, kijana wangu anakaa nalo omo, mbele ya boti, limepakwa alama nyekundu pale kina kinapotufaa. Kwenye kona tunashika ukingo wa nje, ule unaomeguka, ndiko mkondo unakochimba. Maji yakicheza vijiwimbi kama magamba, kuna fungu chini. Mto huu ulishawasumbua wakubwa: mwaka 1915 Waingereza walipotaka kuimaliza manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha deltani, ilibidi walete Severn na Mersey, meli za kina kifupi.

Alama zangu: bati la pezi nane kwa kumi, ngao nne, na hizo nne ni za lile gogo. Ila siitupi. Ngao nyingi za aina hii zilibuniwa zaidi kwa ajili ya watu walio majini kuliko propela, na ninaye rafiki Mafia, Kilindoni, anayepeleka wageni kuogelea na papa potwe. Kule maji ni mengi, watu na samaki wako pembeni ya boti. Kesho inapanda gari kwenda Nyamisati, yeye ataipokea ng'ambo.