Cheti cha netiweki: kipi ulipie kwanza, kipi kisubiri

Tulikuwa juu ya paa la ghorofa moja Kariakoo tukifunga antena, mimi na kijana anayejifunza kazi kwangu. Akasubiri nimalize kukaza boliti, akasema: "Kaka, nimejichanga mpaka zimefika laki nane. Nataka cheti cha netiweki. Nichukue kipi?"

Sikumjibu palepale. Laki nane kwa kijana anayelipwa kwa siku ni jasho la miezi, na nimeona wenzake wakizimwaga pasipostahili. Nikamwambia tushuke kwanza tufungue raki ya jengo, yaani kabati la vifaa vya mtandao. Ndani mlikuwa na swichi mbili za Cisco (zinazounganisha kompyuta za jengo), rauta ya MikroTik (inayounganisha mtandao mmoja na mwingine) ya kampuni inayoleta intaneti, na kifaa cha Huawei kinachopokea faiba. Nikamwonyesha kimoja kimoja: "Haya ndiyo utakayoitwa kuyatengeneza. Tuanzie hapa."

Na wewe msomaji anzia hapo. Kabla hujatoa shilingi, chungulia raki za mahali unapotaka kuajiriwa, au soma matangazo ya kazi ya miezi mitatu na uandike majina ya vifaa yanayojirudia. Benki, hospitali na taasisi kubwa zina vifaa vyao. Kampuni ndogo za kusambaza intaneti mitaani zina vyao. Mpangilio ninaoutoa hapa chini unamfaa mtu anayeanza kazi Tanzania au Kenya bila kujua bado ataangukia wapi. Ukishajua, upindue.

Ujue unanunua nini

Mwaka wangu wa kwanza mjini nililipa ada ya miezi miwili kwenye chuo kimoja kilichobandika tangazo la "Pata CCNA", cheti cha netiweki cha Cisco. Mwalimu alijua kazi yake, na siku ya mwisho tukapewa karatasi nzuri yenye muhuri. Nilipoipeleka kwenye usaili, ofisa akaniomba namba ya kuthibitisha cheti changu kwa Cisco. Sikuwa nayo, maana mtihani wa Cisco sikuwahi kuufanya. Karatasi yangu ilikuwa ya kuhudhuria mafunzo tu. Iliniuma sana, kwa sababu ada ile alinipa mama.

Kwa hiyo uliza mapema, tena kwa maandishi: je, ada hii ina vocha ya mtihani (namba iliyolipiwa ya kuufanyia mtihani) ndani yake, au ni ya darasa peke yake? Mitihani ya Cisco, Huawei, Juniper (mtengenezaji mwingine wa vifaa) na CompTIA (mtoaji wa vyeti asiyetengeneza vifaa) hufanyika chini ya Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani, mara nyingi kwenye kituo kilichoidhinishwa. Ukifaulu, kampuni yenyewe inakusajili, na mwajiri anaweza kuhakiki. Cisco na CompTIA wanakupa pia beji ya kidijitali kupitia tovuti ya Credly. MikroTik wana utaratibu tofauti, nitaueleza. Chuo kikikujibu "cheti utapewa na sisi", hayo ni mafunzo. Mafunzo yana thamani yake, lakini usiyalipie bei ya mafunzo pamoja na mtihani.

1. CCNA ya Cisco

Hii naiweka juu bila kusita. Mtihani wake ni namba 200-301, unagharimu dola 300 za Kimarekani, yaani kama laki saba hadi nane za Kitanzania kutegemea siku unayobadilisha. Unachukua dakika 120 na cheti kinadumu miaka 3. Hauhitaji cheti kingine kabla yake.

Sababu yangu kubwa si jina la Cisco. Ni kwamba ukiusomea kwa haki, unatoka ukiwa unaelewa mtandao wowote. Robo ya mtihani ni namna pakiti (vipande vya data) zinavyotafuta njia kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, pamoja na OSPF, utaratibu wa rauta kuambizana njia. Swichi na VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa) zina asilimia 20, misingi nayo 20, usalama 15, na zilizobaki zinagawanywa sawasawa kati ya huduma kama DHCP (kugawia kompyuta anwani) na NAT (kompyuta nyingi kutokea kwa anwani moja) na kazi za kuendesha vifaa kwa programu.

Chukua mfano huu ambao nimekutana nao kazini zaidi ya mara moja. Kompyuta ina anwani 192.168.10.70 yenye maski ya /26 (alama inayoonyesha ukubwa wa mtandao wake), na lango lake la kutokea limeandikwa 192.168.10.1. Waya ni mzima, taa ya swichi inawaka, lakini intaneti haifiki. Fundi asiye na misingi atabadilisha kebo, kisha swichi, kisha atamlaumu mleta intaneti. Aliyesoma atajua kwamba /26 inakata zile anwani 256 mafungu manne ya 64: 0 hadi 63, 64 hadi 127, 128 hadi 191, na 192 hadi 255. Sabini iko fungu la pili, moja iko fungu la kwanza. Kompyuta inatafuta lango ambalo kwa hesabu yake haliko mtaa wake. Unarekebisha namba moja, mteja anarudi kazini. Hesabu hii uifanye kichwani bila kikokotoo, mpaka uweze kuitamka huku umeshika ngazi.

Vifaa vya kufanyia mazoezi visikutishe. Packet Tracer ya Cisco ni programu ya bure inayokuwezesha kujenga mtandao mzima ndani ya kompyuta yako, na haihitaji mashine yenye nguvu. Cisco Networking Academy, ambayo ilianza mwaka 1997, inafundisha kozi tatu zinazokamilisha CCNA, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki vimejiunga nayo. Ukimaliza na alama nzuri unaweza kupata vocha ya punguzo la mtihani. Uliza chuo kilicho karibu nawe kama ni mwanachama, kwa sababu punguzo hilo linaweza kubadilisha bajeti yako yote.

Mambo mawili ya kuangalia. Vitabu vya mtumba vyenye namba 200-125 ni vya mtihani uliofutwa Februari 2020. Vinasaidia kwenye misingi, lakini usivitumie kama dira. La pili, ndani ya mtihani wa Cisco ukishajibu swali huwezi kulirudia. Jizoeze kuamua na kusonga mbele. Ukianguka, utangoja siku 5 na utalipa ada upya, hivyo usiweke tarehe kwa sababu umechoka kusoma.

2. MTCNA ya MikroTik

Kama unataka kufanya kazi na kampuni ndogo ya intaneti, au kufungua Wi-Fi ya vocha mtaani kwako, panda ngazi hii kabla ya CCNA. MikroTik ni kampuni ya Latvia, na vifaa vyake vimeenea huku kwetu kwa sababu ni vya bei nafuu na vinafanya kazi nyingi. Fungua kisanduku juu ya mnara wa msambazaji wa intaneti Mwanza, Mombasa au Bujumbura, na kuna uwezekano mkubwa ukakikuta.

Hapa hununui mtihani peke yake. Unahudhuria darasa la mkufunzi aliyeidhinishwa, kwa kawaida siku 3, na mtihani unafanyika mwishoni: maswali 25 ndani ya saa 1, na kufaulu ni asilimia 60. Ukipata kati ya 50 na 59 unaruhusiwa kurudia. Bei anaipanga mkufunzi, kwa hiyo linganisha wawili watatu, na uhakikishe jina la mkufunzi lipo kwenye orodha ya MikroTik wenyewe kabla ya kutuma hela. Hiki nacho kinadumu miaka 3, na vyeti vyao vya juu, kama MTCRE cha uelekezaji na MTCWE cha mitandao isiyo na waya, vyote vinadai uwe nacho.

Nakipenda cheti hiki kwa sababu unachosoma Jumatatu unakitumia Jumanne. Kufunga PPPoE (kila mteja aingie kwa jina na nenosiri lake) kwa wateja, kugawa kasi ili mpangaji mmoja asimalize intaneti ya nyumba nzima, kutengeneza ukurasa wa vocha za saa moja au siku nzima: hiyo ndiyo kazi inayolipa mitaani. Na rauta yao ndogo kabisa inaendesha RouterOS, programu yao ya rauta, ileile iliyo kwenye kubwa. Huna hela ya rauta? Pakua toleo lao la kompyuta liitwalo CHR. La bure limebanwa megabiti 1 kwa sekunde kila mlango, lakini kwa mazoezi latosha kabisa.

Udhaifu wake ni kwamba siku 3 hazimfundishi mtu asiyejua anwani ya IP ni nini. Nimeona watu wakiingia darasani wakiwa weupe, wakatoka na cheti na hofu ileile. Soma misingi wiki sita kabla ya kwenda.

3. HCIA-Datacom ya Huawei

Kampuni za simu za ukanda huu zimefunga vifaa vingi vya Huawei, kwa hiyo mwenye ndoto ya kufanya kazi ya miundombinu kwenye kampuni ya simu, au kwa wakandarasi wanaoihudumia, akiangalie cheti hiki kwa uzito. Mtihani ni H12-811, dola 200, dakika 90, na unafaulu kwa alama 600 kati ya 1000. Mwanafunzi wa chuo kikuu chenye Huawei ICT Academy aulize habari za vocha kabla ya kugusa akiba yake.

Sijakiweka juu zaidi kwa sababu matangazo ya kazi za ofisi za kawaida hukitaja mara chache kuliko CCNA. Ila elimu yake haipotei. Ukitaka kuona njia za rauta, kwenye Cisco unaandika *show ip route*, kwenye Huawei *display ip routing-table*, kwenye MikroTik */ip route print*, kwenye Juniper *show route*. Swali ni lilelile kwa lahaja nne. Anayeelewa jibu hatashindwa na maneno ya kuulizia.

4. JNCIA-Junos ya Juniper

Kwa anayelenga kampuni kubwa za kusafirisha intaneti. Ada ya kawaida ni dola 200, lakini Juniper wamekuwa wakitoa kozi ya bure yenye jaribio, na ukilifaulu unapewa vocha inayoshusha ada kwa kiasi kikubwa. Julai 2025 kampuni ya HPE ilikamilisha kuinunua Juniper, hivyo kagua masharti ya sasa kabla ya kupanga safari. Ukiipata kwa punguzo, ni nyongeza nzuri baada ya CCNA. Kwa bei kamili, kwa mtu anayeanza, naona hela yako ina kazi nyingine.

5. Network+ ya CompTIA

Masomo yake ni mazuri na hayamwegemei mtengenezaji yeyote. Toleo la sasa ni N10-009 la mwaka 2024: maswali yasiyozidi 90, dakika 90, alama 720 kwenye kipimo kinachoishia 900. Kinachonifanya nikiweke chini ni bei, maana ada yake ya kawaida Marekani inapita ile ya CCNA, wakati mwajiri wa hapa huuliza CCNA kwanza. Ndugu zetu walioko Marekani mambo ni tofauti kwao, na CompTIA inafahamika huko mpaka kwenye kazi za wizara ya ulinzi. Ukiwa huko, kipandishe hadi nafasi ya pili.

Visubiri

CCNP, ngazi ya Cisco iliyo juu ya CCNA, haidai tena uwe na CCNA, kwa hiyo kuna wanaoirukia. Ni mitihani miwili, wa dola 400 na wa dola 300, na maswali yake yanamlenga mtu aliyekwisha kukesha na mtandao ulioanguka. CCIE, ya juu zaidi, ina mtihani wa vitendo wa saa 8. Fanya kazi kwanza, na ikiwezekana mwajiri ndiye alipe.

Usinunue kamwe mafungu ya maswali yaliyoibwa yanayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp. Cisco wana uwezo wa kufuta matokeo yako na kukufungia mitihani. Hata usipokamatwa, kuna siku kwenye usaili utapewa kebo, koleo na kichwa cha RJ45 (plagi ya kebo ya mtandao), uambiwe kifunge kwa mpangilio wa T568B: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Hapo hakuna wa kukunong'oneza.

Kwa wenye mfuko mtupu kabisa: AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika, lina masomo ya IPv6 (toleo jipya la anwani hizo) ya bure mtandaoni. Fortinet, watengenezaji wa vifaa vya usalama wa mtandao, nao wamefungua masomo yao mengi ya fayawoli (kizuizi cha wavamizi wa mtandao) bila ada. Anza na hayo huku ukijichanga.

Kijana wangu tumekubaliana hivi: laki nane asiziguse. Miezi minne kila jioni yuko kwenye Packet Tracer, na kila Jumamosi namwandikia mafumbo kumi ya kugawa anwani. Akiyapata yote kumi wiki tatu mfululizo, anaweka tarehe ya CCNA. Jambo moja nimemfanyisha mapema. Pasipoti yake inasema "Ally", akaunti ya mtihani alikuwa ameifungua kwa "Ali". Herufi moja na nusu, lakini jina la kitambulisho lisipolingana na la akaunti unaweza kuzuiwa mlangoni, na ada isirudi. Tumeliandikia jina hilo ombi la kurekebishwa jioni ileile, kabla hatujazima kompyuta.