Nodi ya sola ukingoni mwa Usambara: redio nusu saa, betri miezi mitatu

Mimi ni fundi simu, Lushoto mjini. Nalitaja mapema kwa sababu makosa nitakayoyasimulia ni ya aibu kwa mtu anayekula kwa kushika mita kila siku.

Shida ilikuwa hivi. Mama ana shamba la kabichi na karoti kwenye bonde lililojificha nyuma ya mgongo wa mlima, na mle simu haishiki. Ukitaka kupiga inabidi upande kilima karibu nusu saa. Shemeji yupo Mombo, ndiye anayetafuta nafasi kwenye malori ya Dar. Mama akivuna na lori likakosekana, mzigo unalala shambani. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: ujumbe mfupi utoke bondeni, upande ukingoni, ushuke Mombo, bila laini ya simu.

Nikaangukia Meshtastic. Ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2020, inayoendesha redio ndogo za LoRa, yaani zinazofika mbali kwa umeme kidogo. Kila kifaa, wenyewe wanakiita nodi, kikisikia ujumbe kinaurudia ili nodi za mbele nazo zisikie. Kwa kawaida unarukishwa mara 3, na ukipenda unaweza kuongeza hadi 7. Hakuna sauti wala picha. Ni maandishi tu, herufi kama 200 kwa mara moja, na kwenye LongFast, mpangilio wa kawaida wa programu, kasi yake ni kama kilobiti 1 kwa sekunde. Mama nilipomweleza aliuliza, "Sasa nitakusikia ukiongea?" Nikamwambia hapana mama, ni meseji tu, unaandika kwenye simu yako halafu simu inakipa hiki kidude kwa Bluetooth. Akasema, "Basi umenirudishia simu ya zamani." Sikuwa na la kubisha.

Mpango ulikuwa nodi tatu: moja mfukoni kwa mama, moja dirishani kwa shemeji, na ya katikati, ya sola, juu ya bomba la chuma nyumbani kwa mjomba upande wa Irente. Anayepajua Irente anajua ardhi inavyokatika pale: wewe uko juu kwenye baridi, Mazinde na Mombo ziko chini kabisa kwenye joto, karibu mita elfu moja chini ya miguu yako. Kwa redio, mahali kama pale ni zawadi.

Kuhusu bodi, yaani kibao chenye chipu na redio, nitasema moja. Zipo bodi zenye chipu ya ESP32, ambazo ni rahisi kupatikana na zina kioo kizuri, lakini hula kama miliampia 100 muda wote. Zipo za nRF52840, ambazo hula kama 10 hadi 12. Kwa nodi ya mezani yenye chaja tofauti hiyo haina maana. Kwa nodi ya sola ndiyo kila kitu: miliampia 12 kwa saa 24 ni 288 mAh (miliampia-saa) kwa siku, na 100 ni 2,400. Nikachukua nRF52840 yenye redio ya SX1262. Kuiwekea programu ni kuichomeka kwenye kompyuta, inatokea kama flashi, unaburuta faili moja, basi. Nusu saa, pamoja na kunywa chai. Ila funga antena kabla ya kuwasha. Redio ikirusha bila antena unaweza kuiua siku hiyohiyo. Na pima plagi ya betri kabla ya kuichomeka. Ya kwangu ilikuja na waya mwekundu upande ambao bodi inasubiri hasi, na hapo angalau ufundi ulinisaidia.

Baada ya hapo ufundi ukaenda likizo.

Nilipiga hesabu ya paneli kwa jua la Januari. Nodi inahitaji kama wati-saa 1 kwa siku, paneli ya wati 1 kwenye jua la saa nne inatoa wati-saa 4, nikasema nimezidisha mara nne, nina busara. Betri nikanunua duka moja Kariakoo, mbili za 18650 (zile za silinda), kila moja imeandikwa 9900 mAh. Nikajumlisha: 19,800 mAh. Nikamwambia mjomba kitu hiki kitakaa miezi miwili bila jua.

Naomba uisome tena ile namba. Seli nzuri za ukubwa ule, kutoka kwa watengenezaji wa maana, zinafika kama 3,500. Hakuna 9900. Nimebadilisha betri za watu miaka yote hii na najua hivyo, lakini siku ile nilikuwa mteja, na mteja husoma anachotaka.

Tukaipandisha Mei mwishoni. Wiki mbili za kwanza raha tupu. Shemeji akajibu kutoka Mombo, kama kilomita 10, mara ya kwanza tu. Mama akaandika kutoka bondeni "naona inafanya". Kisha kikaja kipupwe chenyewe. Wasioishi huku huiona Tanzania kama nchi ya jua, lakini mwezi Juni Usambara ukungu unaweza kukaa juu ya paa asubuhi hadi jioni, siku kwa siku. Siku ya kumi ya ukungu nodi ikanyamaza.

Nilidhani jua likirudi itaamka. Jua likarudi, siku tatu mfululizo, nayo kimya. Nikapanda kwa mjomba, nikafungua boksi, nikabonyeza kitufe cha riseti, ikawaka palepale. Hilo lilinisumbua kuliko kufa kwenyewe. Kinachotokea ni hiki: betri ikiwa imekauka, alfajiri paneli inaanza kuisukuma taratibu, chipu inajaribu kuamka na volti haijatosha, redio inataka kurusha, volti inaanguka tena, na katika kuanguka na kuinuka huko chipu inaganda katikati. Hailali wala haiamki. Kwa nodi iliyo mezani unabonyeza kitufe. Kwa nodi iliyo juu ya bomba ukingoni mwa mlima, kitufe kiko umbali wa bodaboda moja na ngazi moja ya kuazima.

Zile betri nikazishusha nikazipima dukani kwa kuzimwaga polepole. Moja ilitoa 1,150, nyingine chini kidogo ya hapo. Yaani nilikuwa na siku nane za akiba, si miezi.

Nilichobadilisha, kwa mpangilio wa umuhimu, kilianza na betri. Nilichomoa seli tatu kutoka betri za kompyuta mpakato zilizokufa. Mara nyingi inakufa seli moja, wenzake wazima. Nikapima moja moja, nikabakiza zilizotoa 2,400 na zaidi, nikazisawazisha volti kabla ya kuziunga sambamba. Hiyo ni akiba ya siku 25. Pili paneli: wati 6 badala ya 1. Kwenye jua kali ni upuuzi, kwa sababu bodi haipokei zaidi ya kama miliampia 350 ya kuchaji, nyingine inapotea hewani. Lakini paneli kubwa hainunuliwi kwa ajili ya jua, inanunuliwa kwa ajili ya ukungu. Siku ya ukungu mzito nimepima miliampia 40 kutoka kwenye ile ya wati 6. Kwa saa nane ni 320, na nodi inakula 288. Inatosha, kwa kupenya. Ile ya wati 1 siku kama hiyo ilikuwa inatoa kitu kama 7. Tatu, nikaweka kibodi kidogo kinachokata umeme volti ikishuka chini ya 3.0 na kuurudisha ikifika 3.5 tu, ili chipu ikiamka iamke kweli.

Tahadhari ya paneli: mlango wa sola wa bodi yangu hauvumilii zaidi ya volti 5.5. Paneli nyingi zilizoandikwa volti 6 ukizipima juani bila mzigo zinapita 7. Mimi nilichukua yenye kirekebisha volti nyuma chenye tundu la USB. Pima kwanza, usiamini karatasi. (Hili nalisema mimi.)

Antena nayo ilinifundisha. Nilianza na ndefu ya dBi 8 (dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyokusanya wimbi upande mmoja), kwa mawazo kwamba namba kubwa ni bora. Antena haizalishi nguvu, inaikusanya tu: kadiri dBi zinavyopanda, wimbi linabanwa liwe bapa kama chapati, likielekea upeo wa macho. Ukiwa tambarare ni sawa. Ukiwa ukingoni na mtu wako yuko mita elfu chini, chapati inampita juu ya kichwa. Mombo ilishika, lakini Mazinde, ambayo iko karibu zaidi na karibu chini yetu kabisa, ilikuwa inakatika. Nikaweka fupi ya dBi 3, Mazinde ikashika na Mombo haikupotea. SNR ya shemeji, yaani nguvu ya ujumbe ukilinganisha na kelele, ilishuka hadi −12 na ujumbe bado unapita. LongFast inasoma hata kwenye −17 hivi, chini kabisa ya kelele. Hapo ndipo LoRa inanishangaza mpaka leo.

Mengine kwa haraka. Funguo ya chaneli ya kawaida, ile inayoficha ujumbe, inajulikana na kila mtu duniani, tengeneza chaneli yako. Wadhifa wa ROUTER (nodi yenye kipaumbele cha kurudia ujumbe) mpe yule wa juu peke yake, wengine wabaki CLIENT (nodi za kawaida), la sivyo wanapigiana kelele. Washa usimamizi wa mbali kabla hujapanda ngazi, maana Bluetooth haifiki chini. Kifaa cha masafa ya MHz 433 hakigeuzwi kwa programu kuwa cha 868 au 915, maana masafa hayo ni ya kifaa chenyewe na antena yake. Waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika. Boksi la fundi umeme linatosha, matundu ya waya yaelekee chini, na liache tundu dogo la kupumua lenye kitambaa cha wavu. La kwanza sikuweka wavu, manyigu wakajenga. Nilifungua nikiwa juu ya ngazi.

Na majirani. Siku ya kwanza walikuja watatu kumuuliza mjomba ile ni kamera ya nani. Mjomba ni mtu wa utani, akawaambia inahesabu wezi wa parachichi. Nililazimika kurudi kuwaeleza vizuri, na mmoja wao sasa anataka nodi yake.

Gharama, na ushuru wa posta, imefika kama shilingi 290,000 kwa nodi zote tatu, bila kuhesabu betri za Kariakoo, ambazo sizihesabu. Programu naipa nyota tano. Uvumilivu wa umeme mdogo, kama nilivyoupata mimi, nyota tatu: mtu asiye na mita na subira atapanda mlima mara nyingi. Usinunue kama unataka kuongea, au kama simu zinashika vizuri ulipo. Utaichoka wiki ya pili. Kwetu imepita Julai na Agosti yote bila kuzima, volti haijashuka chini ya 3.7.

Juzi saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umetanda, nimepata hii kutoka bondeni: "magunia 9 si 7 mwambie shemejio". Shemeji alikuwa ameshajibu kabla sijaamka.