Seti ya kuoteshea pilipili ya kutoka Uingereza, nimeitumia hapa Mtwara

Niseme mapema ili asiyetaka stori ndefu aondoke na jibu lake: trei zake nazipa nyota tano, taa nyota moja, na ule mkeka wa umeme kwa mtu wa Mtwara ni kujitafutia hasara. Sasa mwenye nafasi akae nimweleze.

Mdogo wangu wa kike yupo Glasgow mwaka wa sita huu, na kinachomtesa kule anasema sio baridi, ni pilipili, zile za supamaketi nyekundu kwa macho tu, ukitia kwenye mchuzi wa pweza hausikii kitu. Akaanza kuotesha mwenyewe dirishani. Sasa kule Desemba jua linazama hata saa kumi jioni haijafika, na mbegu ya pilipili inataka udongo wa joto la nyuzi 25 mpaka 30 hivi ndo iamke, chini ya 15 inalala humo humo mpaka inaoza. Kwa hiyo wanauziwa seti nzima, kuna mkeka mwembamba wa plastiki wenye waya ndani unauchomeka kwenye umeme, trei mbili za vishimo 12 kila moja zenye mfuniko unaoonyesha, vidonge vya udongo mkavu ambavyo ukivimwagia maji vinavimba kama maandazi kwenye mafuta, kipimajoto kidogo, na taa ya zambarau ya kubana mezani. Wanapanda Januari ndani ya nyumba, miche inatoka nje Juni. Yeye imemfanyia maajabu, akanunua nyingine ya pauni 38, laki na ushee hiyo, akaja nayo Desemba likizo. "Dada we mpenda bustani, utanishukuru."

Mbegu hakuleta, kuvuka mipaka na mbegu kuna makaratasi yake. Nikachukua pakti ya habanero duka la pembejeo, na nyingine nikakamua kutoka kwenye pilipili mbuzi za sokoni, ambazo ukifuatilia ukoo ni kitu kimoja na habanero.

Nikaanza mwisho wa Januari. Watu wa Mtwara mnaijua Januari. Nyumba yetu ipo Chikongola, bati halina dari chumba cha uani, mvua ikinyesha asubuhi mchana unapikwa kwa mvuke. Nikafuata maelekezo kama yalivyo kwenye karatasi, trei moja juu ya mkeka, nyingine haikupata nafasi kwa sababu mkeka ni wa trei moja tu, nikaisukumia chini ya meza kwenye sakafu. Plagi yake ni ya miguu mitatu ya Kiingereza kwa hiyo haikuhitaji adapta, hilo nawapongeza.

Kosa sasa, na hapa ndo pa kunisikiliza. Ule mkeka hauna kitu cha kuuzima joto likitosha. Haujui nyuzi ngapi zinatakiwa, kazi yake ni kuongeza joto juu ya lile lililopo chumbani basi. Kwa mdogo wangu chumba kipo 17, mkeka unaongeza nane tisa hivi, udongo unafika 26, safi kabisa. Kwangu chumba chenyewe kilikuwa 31 bila msaada wa mtu! Saa nane mchana nikachomeka kipimajoto kwenye udongo kikasoma 40, nikasema hiki kibovu, nikakitoa nikakitumbukiza kwenye maji ya mtungi kikashuka vizuri tu, yani kizima, ni mimi nazichemsha mbegu na luku inakatwa. Inakula wati 18 tu sio nyingi lakini inauma kulipia joto Mtwara, ni kama kununua chumvi ukiwa umesimama baharini.

Na mnisamehe, sikuchomoa siku hiyo. Nikasema wazungu wamefanya utafiti wao bwana, mimi nani. Siku ya 15 trei ya kwenye mkeka ilikuwa na mche mmoja, mmoja kati ya 12, na ile iliyokosa nafasi ikatupwa sakafuni ilikuwa na tisa. Nikamtumia picha mdogo wangu akanijibu kwa voice ya dakika tatu, dakika mbili na nusu ni kicheko.

Basi nikabaki na miche kumi. Ikaja habari ya mfuniko. Karatasi imesema kabisa mbegu zikichomoza toa mfuniko, mimi nikauacha siku nne zaidi nikijua nailea, humo ndani kukawa kama bafu, matone yanadondoka. Kinyausi kikaingia. Kwa asiyekijua, shina linakonda pale pale linapotokea udongoni kama limefungwa uzi, jioni unauacha mche umesimama asubuhi umelala chali. Ni fangasi za udongoni, zikipata unyevu na hewa isiyotembea zinashangilia. Siku tatu miche sita imekwenda. Kwa hili siilaumu seti, nusu ni ujuaji wangu.

Taa sina la kusema. Niliiwasha usiku mmoja, chumba kizima zambarau mpaka nje, jirani akaniuliza kesho yake kama tumefungua baa. Jua lipo, taa ya nini, ipo kabatini.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, alikuja kutoka Mikindani mwezi wa tatu kutuangalia. Nikamwamkia, nikamwonyesha mitambo yangu, akaitazama weee, akaniambia, "Mwanangu, pilipili hailelewi kama mtoto njiti." Akaagiza makumbi ya nazi. Nikayachambua nyuzi nikaziloweka siku mbili, yakatoka maji rangi ya chai, nikamwaga nikaloweka tena, hapo msiruke kwa sababu makumbi ya pwani huwa na chumvi na mche mchanga hautaki chumvi. Nikachanganya na udongo wa kawaida na samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, nikajaza trei zile zile za Uingereza maana vile vidonge vimeisha na hata hivyo kwa joto letu vilikuwa vinakauka mara mbili kwa siku. Mfuniko hakuna, mkeka hakuna, trei zikakaa nje kwenye kichanja cha makuti chini ya mwembe, juu ya matofali ili upepo upite na maji yachuruzike. Maji asubuhi kidogo, jioni nikigusa nikaona pana unyevu siongezi.

Mche wa kwanza siku ya 9, wa mwisho siku ya 16, jumla 21 kati ya 24. Hazina haraka hizi, asikwambie mtu siku tano, pilipili za ukoo wa habanero zinaweza kuchukua hata wiki tatu nne, ukianza kufukua na kidole kuchungulia ndo unaziua.

Zilipofika majani sita nikahamishia kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini. Kule Glasgow wanaizoesha miche baridi na upepo taratibu kabla ya kuitoa moja kwa moja, hapa tunaizoesha jua, lisaa limoja leo, mawili kesho, maana mche uliotoka kivulini ukiutupia jua la saa saba majani yanababuka yanakuwa meupe. Bahati nzuri Mei mvua zinakatika na kaupepo kanaanza, Juni na Julai ndo hali ya hewa yetu nzuri na maua yalishika vizuri, yale machache niliyopata mapema kwenye ile miche minne ya Januari yalipukutika yote, joto likizidi pilipili inaangusha maua hata uiombe.

Tukaja kuvuna mwezi mmoja mimi na mdogo wangu, mwisho wa Agosti, yeye aliyeanza Januari na mimi niliyeanza upya mwisho wa Machi. Yeye miche miwili ya dirishani, pilipili 14, amezipiga picha moja moja kama watoto. Mimi nilikuwa najaza kibakuli kila wiki mpaka nikawa nawapa majirani walie ming'oko, vile viazi pori vyetu, na ningepata zaidi kama sio kuku wa jirani. Nilidhani wakidonoa moja watakoma, wapi, ndege hasikii ukali wa pilipili kabisa, wanakula kama mahindi. Nimeishia kuzungushia wavu.

Kwa hiyo seti kama seti? Trei ni imara, plastiki ngumu, nimezitumia mara tatu hazijapasuka, miche inatoka na mizizi yake mizima ukiibonyeza chini. Kama unaziona zinauzwa peke yake nunua, kama ni seti nzima kwa mtu wa Mtwara, Lindi, hata Masasi, hapana, hela hiyo nunua wavu na ndoo. Ila sio kitu kibovu, kipo sehemu isiyo yake. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anafundisha Njombe, mwezi wa saba alinitumia picha ya umande umeganda kwenye majani akilalamika kwamba hoho alizopanda wiki ya tatu hii hazijaota hata moja. Nikaufunga mkeka na taa kwenye boksi, nikapandisha kwenye basi, Masasi, Tunduru, Songea, siku ya pili ukamfikia. Juzi kaniandikia, siku ya 8 zimechomoza 11, anauliza na trei naweza kumtumia?

Nimemwambia trei zilipasuka.