Silikoni ya gasketi ilivyotaka kuniulia injini

Silikoni ya gasketi, ile gundi ya tyubu ya kuziba maungio ya injini, sitaki hata kuiona. Gari yangu ilikuwa inavuja oili kwenye sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, tone mojamoja tu. Nikanunua tyubu ya silikoni, gari nikaipeleka kwenye gereji moja hapa Mwanga, Kigoma, maana nilikuwa na mzigo wa dagaa wa kupeleka Uvinza.

Fundi akashusha sampu, akaifuta kwa tambara lililojaa oili, akaminya silikoni nene kama kidole kuzunguka yote. Nikamuuliza, "Fundi, hiyo si nyingi?" Hata usoni hakunitazama. "Wewe endesha gari, ufundi niachie mimi." Haikupita nusu saa akamimina oili, akasema washa uende.

Siku ya safari Kidahwe nilipita salama. Nakaribia Kazuramimba, taa ya oili ikawaka, tapeti za juu ya injini zikaanza kugonga kwa kukosa oili. Nikazima palepale. Nachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili imejaa! Mwili uliniisha nguvu. Dagaa wa watu wakahamishiwa kwenye lori, na hela ya mzigo ikaenda nao.

Nilivutwa kwa kamba hadi kwa fundi mmoja mzee. Alipofungua sampu, chujio la pampu ya oili lilikuwa limejaa vinyuzi vyekundu kama minyoo. Nikachomoa kimoja, kinavutika kama mpira. Ile silikoni iliyofurikia ndani ilikatika vipandevipande, ikavutwa na pampu, ikaziba njia, oili ikawa haipandi kwenye injini.

Sasa niseme haki. Mzee alitumia ileile, nusu tyubu iliyobaki ndani ya gari. Ila yeye alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akafuta kwa petroli, akachora uzi mwembamba, kama milimita 3, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Oili akakataa kabisa nisitie mpaka kesho yake. "Mwanangu, hii inakauka kwa unyevu wa hewani, haiendeshwi kwa haraka." Tangu hapo halijadondoka hata tone. Basi silikoni ni nzuri, nakubali, tena nzuri sana.

Lakini yule wa Mwanga! Nilimrudia na vile vinyuzi kwenye mfuko wa nailoni, nikamwekea juu ya meza ya spana. Pole hakusema. Alisema, "Ulininunulia feki." Nikatoka, nikaleta ile tyubu iliyokunjwa mpaka shingoni, nikamwambia lala chini uangalie sampu. Hakulala.