Stardew Valley kwa Mchezaji wa Tanga: Tathmini ya Mchezo Usiomdai Mtu Muda Wake

Kati ya michezo yote ya video ninayoicheza jioni, baada ya kufunga duka langu la vifaa vya shule hapa Ngamiani, Stardew Valley ndio pekee ninaoweza kumshauri mtu mzima mwenye kazi, familia na kifurushi kidogo cha data aununue bila kusita. Ninasema hivyo baada ya kucheza michezo mingi ya aina hii ambayo wapenzi wake huiita michezo ya utulivu, yaani ile isiyo na vita vya kukimbizana wala orodha ya washindi. Nimegundua kwamba mingi kati ya hiyo ina sura ya utulivu tu. Rangi zake ni laini na muziki wake ni wa taratibu, lakini kila siku humkumbusha mchezaji kwamba kuna kitu atakikosa asipoingia. Kipimo changu katika tathmini hii ni kimoja: nani anaumiliki muda wa mchezaji?

Stardew Valley ulitengenezwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, aliyefanya kazi peke yake kwa takriban miaka minne na nusu, akiandika programu, akichora picha na kutunga muziki wote, hadi mchezo ulipotoka kwenye kompyuta tarehe 26 Februari 2016. Alivutiwa na mchezo wa Kijapani wa kilimo uitwao Harvest Moon, ambao wa kwanza ulitoka mwaka 1996. Kisa chake ni chepesi: mfanyakazi wa ofisi aliyechoka anarithi shamba la babu yake lililojaa magugu na mawe, anahamia huko, na kupewa mbegu 15 za mboga ya mizizi inayofanana na karoti nyeupe ili aanze. Mwaka una majira manne, na kila majira yana siku 28. Siku moja huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa nane usiku, na kwa saa ya kweli hiyo ni kama dakika 14.

Dakika hizo 14 zina maana kubwa kwetu. Katika toleo la kompyuta, mchezo huhifadhiwa pale mhusika anapolala kitandani mwake, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla, kama unavyokatika mara kwa mara mtaani kwetu, hasara kubwa kabisa ni siku moja ya shambani. Toleo la simu ni la huruma zaidi, kwa sababu hujihifadhi lenyewe mtu anapotoka, hata akitolewa na simu iliyopigwa. Baada ya kupakuliwa, mchezo hauhitaji intaneti. Mtu anaweza kuucheza ndani ya basi kutoka Tanga hadi Segera bila kutumia hata senti ya data, na hakuna tangazo litakalojitokeza katikati ya kazi yake.

Uzuri wake wa ndani zaidi, hata hivyo, uko katika namna unavyomtendea mchezaji anayechelewa. Mmea usiomwagiliwa haufi. Hukaa ulivyo ukisubiri siku ya maji, na unaweza kufa tu majira yanapobadilika. Mhusika asipolala kwa wakati huzimia, hupoteza sehemu ya fedha zake, kisha huamka kesho yake na maisha yakaendelea. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu roho ya babu huja kulitathmini shamba, lakini aliyepata alama ndogo anaweza kuomba tathmini nyingine baadaye kwa kutoa almasi. Hakuna mlango unaofungwa moja kwa moja. Niliwahi kuuacha mchezo huu kipindi chote cha kufungua shule, ambacho ni wakati wa pilikapilika nyingi dukani, na niliporudi kila kitu kilikuwa palepale nilipokiacha, kuku wangu wakiwa wazima na jirani zangu wakinisalimia kama kawaida.

Yapo mambo ambayo msomaji wa pwani atayaona mageni. Majira yake ni ya nchi za baridi, na wakati wa theluji hakuna zao la kawaida linaloota nje, kwa hiyo mtu huhamia kwenye uvuvi, migodi na kuzungumza na watu. Sisi tuliozoea masika na vuli tunajua mvua kama jambo linaloamua kila kitu: siku ya kutifua, siku ya kupanda, na hata bei ya mchicha sokoni Mgandini. Katika mchezo, mvua inamwondolea tu mkulima kazi ya kumwagilia siku hiyo, na utabiri wake hutolewa kwenye televisheni ya nyumbani na hutimia. Mkulima yeyote wa Lushoto angetamani utabiri wa namna hiyo. Anayevumilia hadi kuikamilisha kazi kubwa ya kijiji, nitakayoieleza mbele, na kumtengenezea mvuvi Willy boti yake atafika Ginger Island, kisiwa cha joto ambako mazao yote huota mwaka mzima na ambako kuna ndizi, maembe, mananasi na magimbi. Huko ndiko nilikojisikia nyumbani. Mche wa mwembe haununuliwi kwa fedha. Hubadilishwa na kome 75, na kuwakusanya kome hao kando ya bahari ni kazi niliyoifurahia kuliko kuuza maelfu ya maboga.

Uvuvi ndio sehemu inayowagawa wachezaji, nami niko upande wa wanaoupenda. Samaki akishika ndoana, hutokea mstari wima wenye kipande cha kijani. Ukibonyeza, kipande hupanda, ukiachia, hushuka, na kazi yako ni kukiweka nyuma ya samaki anayepanda na kushuka hadi kipimo cha pembeni kijae. Kwa mgeni hili linaudhi, hasa kwenye kioo cha simu, kwa sababu kidole huficha nusu ya kile unachokitazama. Lakini tabia za samaki zimetofautishwa kwa makini: wapo wanaotulia, wapo wanaozama hadi chini, na wapo wanaoruka bila mpangilio. Kila mmoja ana majira yake, saa zake na hali yake ya hewa. Dagaa hawapatikani majira ya joto. Jodari hupatikana majira ya joto na ya baridi. Wengine huja siku za mvua tu. Mtu aliyekulia karibu na Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, akiwasikia wavuvi wakijadili upepo wa kusi na kaskazi kabla ya kuamua kutoka, atatambua kwamba aliyeutengeneza mchezo huu aliuheshimu ujuzi wa wavuvi, ingawa ameurahisisha.

Pweza ndiye aliyenifikirisha zaidi. Katika Stardew Valley huvuliwa baharini wakati wa joto, kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana, kwa ndoana, na ni miongoni mwa viumbe wagumu kabisa kuwapata. Hapa kwetu pweza hufuatwa kwa miguu mwambani maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, na wanaomjua vizuri ni akina mama wenye vijiti, wanaolitambua shimo lake kwa namna mawe na makombe yalivyopangwa mlangoni. Kwa hiyo ugumu wenyewe ni wa kweli, lakini umewekwa mahali pasipo pake: katika mchezo ni wepesi wa kidole, na katika mwamba ni jicho. Ningependa sana kuona mchezo wa utulivu uliojengwa juu ya jicho hilo, wenye kupwa na kujaa kwa maji, kwa kuwa hakuna kazi inayoufaa mwendo wa taratibu kuliko kutembea mwambani ukitazama chini. Mitego ya kaa, ambayo kwa matumizi inafanana na dema, imekaa vizuri zaidi: unaweka chambo leo, kesho unakuta kaa, kamba au chaza.

Kazi kubwa ya kijiji niliyoitaja ni kulikarabati jengo la jumuiya lililotelekezwa. Lina vyumba sita, na kila chumba hukamilika kwa kutoa vitu mbalimbali: mazao ya kila majira, samaki wa mto na wa bahari, madini, vyakula, na katika chumba kimoja fedha za mchezo zinazofikia 42,500 kwa jumla. Kila chumba kikikamilika, kijiji chote hufaidika. Chumba cha mazao hukuletea banda la kioo la kulimia mwaka mzima, na kile cha fedha hulirudisha basi barabarani. Njia nyingine ni kununua uanachama wa duka kubwa la Joja kwa 5,000, kisha kulipia kila kitu kwa fedha, na jengo la jumuiya hugeuzwa ghala la kampuni. Sisi wa mkoa huu tuliokua tukiitwa kwenye msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu na jembe, hatuhitaji maelezo marefu juu ya tofauti ya njia hizo mbili. Nilichokipenda ni kwamba mchezo hauhubiri. Unaziacha njia zote mbili wazi, zote zinafika, na mchezaji mwenyewe anaona kilichobaki mjini baada ya uamuzi wake.

Kucheza pamoja kunafaa kusemwa kwa urefu kidogo. Mimi na mpwa wangu, anayesoma sekondari na kukaa nasi Chumbageni, hucheza kwenye kompyuta mbili kupitia mtandao wa ndani wa nyumba, bila kutumia data, kila mmoja akiwa na nakala yake na kibanda chake katika shamba moja. Fedha ni za pamoja msipoamua kuzitenganisha, na saa ya mchezo haisimami mmoja wenu anapofungua begi lake. Siku haiishi mpaka wote mlale. Kanuni hiyo ndogo ndiyo inayozaa mazungumzo. “Mjomba, usilale kwanza, bado sijamaliza kumwagilia,” huniambia kutoka chumba cha pili, nami humsubiri kando ya kitanda huku nikimwuliza habari za mtihani wa hesabu, na hujibu kwa urefu ambao hajawahi kunijibu mezani.

Kwa kulinganisha, nimeucheza pia kwa muda mrefu Sky: Children of the Light, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Kimarekani ya thatgamecompany, uliotoka kwenye iPhone mwaka 2019 na kwenye Android mwaka 2020. Kuupakua ni bure, na kwa uzuri wa mawingu na muziki sijaona mfano wake kwenye simu. Mtu usiyemjua huonekana kama kivuli hadi mmoja wenu amwashie mwenzake mshumaa. Mkishikana mikono, mwenye mabawa yenye nguvu humbeba aliye mchanga. Na mazungumzo ya maandishi hufunguka baada ya urafiki kukua. Kwa mzazi anayehofia matusi ya kwenye michezo ya mtandaoni, mpangilio huo ni ulinzi wa kweli. Nimewahi kuongozwa na mgeni kupita mapango yote ya msitu wenye mvua, akinisubiri kila nilipoanguka, na sijui hata alikuwa wa nchi gani.

Hata hivyo, Sky inashindwa kwenye kipimo changu. Mishumaa hukusanywa kila siku, kazi za leo hufutwa kesho, na mavazi ya msimu huondoka msimu unapoisha. Siku yake huanza upya saa sita usiku ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwa Tanga ni saa nne au saa tano asubuhi kutegemea mabadiliko ya saa ya huko. Hiyo ni saa ambayo mimi niko dukani na wateja, na mpwa wangu yuko darasani. Kila ninapoiacha kwa wiki kadhaa, hurudi nikiwa na deni la vitu vilivyopita. Isitoshe, bila mtandao imara haichezeki, na masasisho yake hula kifurushi haraka. Ninaipendekeza kwa mwenye Wi-Fi nyumbani na moyo wa kutojali anachokikosa.

Kwa upande wa bei, Stardew Valley ni dola 4.99 kwenye simu na dola 14.99 kwenye kompyuta kabla ya punguzo, na baada ya hapo hakuna malipo mengine. Nyongeza zote, likiwamo toleo kubwa la 1.6 lililofika kwenye kompyuta Machi 2024 na kwenye simu Novemba mwaka huo, zimetolewa bure. Asiye na akaunti ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu. Kwenye simu yenye kioo kidogo maandishi husomeka kwa shida, na ninashauri kuingia kwenye mipangilio mapema ili kuongeza ukubwa wa vitufe na kujaribu kila aina ya uendeshaji kabla ya kuzoea mmoja. Mwenye pedi ya kuchezea michezo ya Bluetooth aitumie, hasa kwa uvuvi na migodi.

Kasoro ninayoiona kubwa ni lugha. Mchezo unapatikana katika lugha 12, na Kiswahili si mojawapo, ilhali nusu ya ladha yake imo katika barua, mazungumzo ya majirani na vipindi vya televisheni. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye Kiingereza kinampa shida, alilima vizuri lakini hakuwajua watu wa mji ule, akauacha. Toleo la kompyuta tangu 1.5.5 linaruhusu wachezaji kuongeza lugha zao wenyewe kwa mafaili ya ziada, na kazi hiyo ni ya maandishi zaidi kuliko ya programu, kwa hiyo iko ndani ya uwezo wa wapenzi wa mchezo huu wanaosoma hapa. Mimi na mpwa wangu tumeanza na orodha ya samaki.