Kuta zangu hazina kosa: uzoefu wangu na intaneti ya nyumbani

Wiki iliyopita nilikuwa tayari kung'oa ruta yao, niibebe hadi ofisini kwao na kuibwaga kaunta. Sasa nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Nilifungiwa faiba hapa Tabata wakati wa masika, nalipia megabiti 40. Sebuleni inakwenda bila shida. Chumbani ninakofanyia kazi, kuta mbili tu kutoka hapo, kikao cha video kinaganda, watu wanabaki midomo wazi kwenye kioo, mwisho natupwa nje. Nikipima kasi naona 3, siku njema 4. Jioni majirani wakisharudi makwao ndiyo kabisa, kurasa hazifunguki.

Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa ni mkongo wa baharini. Jamani! Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika tulikwama wote, wa mtandao huu na wa mtandao ule. Mkongo ukikatika hauchagui chumba.

Baada ya kusumbua sana wakaleta fundi. Aliingia na viatu hadi juu ya mkeka. Mama yangu, mtu wa miaka sabini na kitu, amekaa palepale na tasbihi yake mkononi, na huyu kijana akampita kama anapita kiti. Hakuna shikamoo, hakuna habari za hapa. Akatupia macho taa za ruta, akarudi kwenye simu yake: "Dada, taa zote zinawaka, intaneti ipo. Tatizo ni kuta zako, halafu mna vifaa vingi." Nikamwomba achomeke waya kwenye kompyuta apime. Akasema hana waya. Fundi wa intaneti, hana waya! Hakumaliza dakika tano. Jioni ukaingia ujumbe: tatizo lako limeshatatuliwa. Nilitetemeka kwa hasira.

Kesho yake nikaenda Kariakoo, nikanunua waya kwa pesa yangu, nikachomeka mwenyewe. 38. Yaani laini yao nzima, ugonjwa uko kwenye waifai. Kipimo cha dakika mbili, na ndicho cha kwanza ambacho mtu yeyote anapaswa kukifanya, kwa sababu kinakuambia utafute wapi. Walininyima hicho, wakanipa mkongo na kuta.

Nikapiga tena, na siku hiyo niligomba kweli. Akaja kijana mwingine. Viatu aliviacha mlangoni, "Shikamoo bibi" ikatangulia kabla hata hajaniuliza ruta iko wapi. Akanionyesha kwenye simu yake mitandao yote inayoshika pale ndani, vilima vya rangi vimepandana. Nilihesabu kumi na minne, karibu yote imerundikana chaneli ya 6, yaani njia moja ya mawimbi ya waifai, na wetu humohumo. Akanieleza kuwa kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na mkijazana kwenye moja kila mtu anangoja zamu, ndiyo maana jioni hali ilikuwa mbaya zaidi. Akatuhamishia 11. Akawasha masafa ya 5, yaliyokuwa yamezimwa tangu siku ya kufungiwa, akaniambia yana kasi ila ukuta unayachosha upesi. Kisha akaitoa ruta nyuma ya televisheni, walikoichomeka wenzake, akaiweka juu ya kabati la koridoni. Nikapima chumbani: 31. Nusu saa haikufika.

Kwa kijana huyu nyota tano, na ningekuwa na sita ningempa. Hata huduma yenyewe, nisiseme uongo, ni nzuri ikishafungwa na mtu anayejua kazi. Nilishaanza kumwambia jirani wa juu naye avute.

Halafu bili ikaja. Kamili! Wiki tatu nimefanya kazi kwa bando la simu, na zote wamezihesabu kama siku nilizohudumiwa. Nikauliza, nikajibiwa kuwa kwenye rekodi zao tatizo lilitatuliwa siku ile ya fundi wa kwanza. Basi nyota mbili, zote mbili za yule kijana, na jirani nimemwambia asubiri kwanza.

Bili nitailipa, kazi yangu inaitegemea. Ila yule wa kwanza namtaka arudi, avue viatu, amwamkie mama yangu.